Kunguni ni wa Nani? Mpangaji Anayehama na Wajibu wa Kupuliza Dawa

Mpangaji anapohama nyumba, ubishi kati yake na mwenye nyumba kwa kawaida huzuka juu ya bili ya maji au umeme iliyobaki, kitasa kilichovunjika au ukuta uliochafuka, na aghalabu juu ya jambo jingine ambalo mchana halionekani lakini gharama yake hushinda hayo yote, yaani wadudu na wanyama waharibifu: kunguni waliojificha kwenye nyufa, mende waliozaliana nyuma ya kabati la jikoni, panya wa darini. Mwenye nyumba humtaka anayehama apulize dawa kabla ya kukabidhi ufunguo, au aache fedha za kupuliza, na anayehama hujibu kwamba wadudu hao aliwakuta. Kila mmoja huamini kwamba haki iko upande wake, na mara nyingi wote wawili hawajui sheria inasema nini, wala hawajui kwamba dawa inayopulizwa siku hiyo ya kuondoka, hata ikilipiwa, huenda isiue wadudu wanaogombewa.

Katika mji wa Bariadi suala hili lina uzito wake kwa sababu ya namna mji wenyewe ulivyokua. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, Bariadi, ambao hadi wakati huo ulikuwa mji wa wilaya unaotegemea pamba, mifugo na nafaka, ukawa makao makuu ya mkoa wenye wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ofisi, hospitali, benki na shule zikaleta watumishi, na watumishi wakahitaji nyumba za kupanga. Mtumishi wa umma huishi kwa barua ya uhamisho: mwaka huu yuko Meatu, mwaka ujao Maswa, kisha Bariadi mjini, na kila anapohama, kitanda, godoro na makochi hupakiwa kwenye guta au lori dogo na kutolewa katika nyumba moja kuingizwa katika nyingine. Msimu wa pamba unapofunguliwa, wanunuzi, makarani wa mizani na vibarua wa viwanda vya kuchambua pamba huingia mjini na kukaa miezi michache tu katika vyumba vya kupanga na gesti. Mdudu anayesafiri kwa kujibanza kwenye samani na mizigo hana mazingira yanayomfaa kuliko haya, na ndiyo maana swali la nani alimleta ni gumu kujibu baada ya chumba kupita mikononi mwa wapangaji wanne au watano.

Upangishaji wa nyumba Tanzania Bara unaongozwa kwa sehemu kubwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Zamani ilikuwapo pia sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti viwango vya kodi za nyumba, ambayo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba umebaki zaidi mikononi mwa makubaliano yao wenyewe. Hata hivyo Sheria ya Ardhi haikuwaacha watupu. Kwanza, inatambua pango la muda mfupi, yaani la mwaka mmoja au chini ya hapo, hata kama limefanywa kwa maneno tu bila maandishi, kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja aliyelipa kodi ya miezi mitatu kwa kupeana mkono na mwenye nyumba ana mkataba halali kama alivyo mpangaji wa nyumba nzima aliyetia saini mbele ya wakili. Pili, sheria inaweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika kila pango hata kama wahusika hawakuyataja, na masharti hayo ndiyo yanayohusu wadudu ingawa neno wadudu halimo.

Upande wa mwenye nyumba, kifungu cha 88 kinamtaka ahakikishe kwamba nyumba au chumba cha kuishi kinachopangishwa kinafaa kukaliwa na binadamu pango linapoanza, na kwamba kitaendelea kufaa muda wote wa pango. Panapopangishwa sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote hubaki kuwa jukumu lake. Upande wa mpangaji, kifungu cha 89 kinamtaka alipe kodi, aitunze nyumba katika hali nzuri ya kawaida, na mwishoni airudishe katika hali ileile aliyoipokea pango lilipoanza. Sharti hili la kurudisha lina mipaka yake: mpangaji hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, yaani kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kila siku ya mtu mwangalifu, wala kwa uharibifu wa moto, mafuriko au ajali nyingine ambayo haikutokana na uzembe wake, wala kwa majanga ya asili.

Kwa hiyo hakuna mahali Sheria ya Ardhi inapomwamuru mpangaji apulize dawa anapohama, na mwenye nyumba anayedai fedha hizo kana kwamba ni ada ya lazima kisheria anadai kitu ambacho sheria haikumpa. Lakini mpangaji naye asiharakishe kushangilia, kwani yeye anatakiwa kurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, na chumba kilichopokelewa bila kunguni kikirudishwa na kunguni hakiko katika hali hiyo. Kunguni si uchakavu wa kawaida. Rangi hufifia na bawaba hulegea kwa sababu ya muda kupita, ilhali kunguni hawaoti ukutani kwa kupita kwa muda; huletwa na kitu au mtu. Ikiwa waliletwa na kitanda cha mpangaji, basi wajibu wa kuwaondoa ni wake, na ikiwa waliachwa na aliyemtangulia au walitoka chumba cha jirani, wajibu huo unamrudia mwenye nyumba ambaye alipaswa kukabidhi chumba kinachofaa na kukiweka katika hali hiyo. Kumbe swali linaloulizwa siku ya kuhama jibu lake lilipaswa kupatikana siku ya kuhamia. Hapo ndipo upangishaji wa mijini kwetu unapopwaya, kwa sababu siku ya kuhamia mpangaji anahangaika na dalali na kuhesabu fedha, mwenye nyumba anahangaika kuzipokea, na hakuna anayeinua godoro la zamani lililoachwa wala kumulika kona za ukuta kwa tochi.

Je, nyumba yenye kunguni inafaa kukaliwa? Mahakama zimewahi kuulizwa swali hilo, na kesi inayotajwa mara nyingi ni ya Uingereza ya mwaka 1843, Smith dhidi ya Marrable, iliyohusu nyumba yenye samani katika mji wa Brighton iliyopangishwa kwa wiki kadhaa, ambamo familia ya mpangaji ilikuta kunguni na kuamua kuondoka kabla ya muda kwisha. Mahakama iliamua kwamba anayepangisha nyumba yenye samani anaahidi, hata kama hakutamka, kwamba nyumba hiyo inakalika, na kwamba kunguni wa kiasi kile walimpa mpangaji haki ya kuondoka. Uamuzi huo ulihusu nyumba yenye samani tu, na kesi nyingine ya mwaka huohuo, Hart dhidi ya Windsor, ilikataa kuupanua hadi kwenye nyumba tupu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania imekwenda mbele zaidi ya mahakama zile, kwa kuwa sharti lake la nyumba kufaa kukaliwa halibagui chumba chenye samani na kisicho nazo. Hata hivyo sheria hiyohiyo inaruhusu mahakama za Tanzania kuangalia misingi ya sheria ya nchi za Jumuiya ya Madola inapofaa kwa mazingira ya hapa, na mwamuzi anayetafuta pa kuanzia kuhusu kunguni atakuta kwamba njia ilishafunguliwa zamani.

Ili kuona ni wajibu upi unaoweza kutimizwa na nani, inafaa kumfahamu mdudu mwenyewe. Kunguni wa binadamu wako wa aina mbili kuu, mmoja wa nchi za baridi na mwingine wa nchi za joto, na aina zote mbili hunyonya damu usiku na kujificha mchana. Maficho yao ni membamba kiasi cha kupitisha ukingo wa kadi: mahali chaga zinapokaa juu ya mbao za ubavuni mwa kitanda, tundu la msumari, mshono wa godoro, mkunjo wa pazia, ufa wa lipu nyuma ya kichwa cha kitanda, tundu la swichi ya umeme. Anayetaka kujua kama wamo hana haja ya kuwaona wenyewe, kwani madoadoa meusi yaliyosambaa kama ncha ya kalamu kwenye mbao na mishono ya godoro ni kinyesi chao, na ganda jepesi la rangi ya kahawia ni ngozi aliyoivua mtoto wa kunguni alipokuwa akikua. Yai huanguliwa kwa kati ya siku 6 na 10 katika hali ya joto, na mtoto hupitia hatua tano za ukuaji, akihitaji damu katika kila hatua, kabla ya kuwa mkubwa. Kunguni mkubwa aweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Hawajathibitishwa kueneza ugonjwa wowote kwa binadamu, lakini kukosa usingizi, kujikuna hadi vidonda na aibu inayomfanya mtu akatae wageni ni madhara ya kweli, na aibu hiyo huchangia kuwaeneza, kwa kuwa mpangaji anayeficha kunguni huwapa muda wa kuzaana.

Mambo matatu yanafuata hapo. La kwanza ni kwamba kufunga chumba mwezi mmoja bila mtu hakuwamalizi, ingawa wapo wenye nyumba wanaoamini hivyo. La pili ni kwamba dawa nyingi za kupuliza haziui mayai vizuri, kwa hiyo kupuliza mara moja huua waliopo na kuacha watakaoanguliwa wiki inayofuata, na wataalamu hushauri kurudia baada ya siku 10 hadi 14, pengine hata mara ya tatu. Mpangaji aliyekwisha kupakia vyombo na kurudisha ufunguo hawezi kurudi baada ya wiki mbili kupuliza nyumba ambayo si yake tena, na mara nyingi mpangaji mpya amekwisha kuingia kabla ya siku hizo kufika. Kwa hiyo sharti la kupuliza siku ya kuondoka, kama linavyodaiwa kwa kawaida, ni sharti lisiloweza kufanya kazi iliyokusudiwa, hata likitimizwa kwa uaminifu.

La tatu ni usugu. Dawa nyingi zinazouzwa madukani kwa ajili ya nyumba ni za jamii ya pairethroidi, yaani kemikali zilizotengenezwa viwandani kwa kufuata muundo wa sumu ya maua ya pareto, maua yaleyale yanayolimwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Vyandarua vya kuzuia mbu hutiwa dawa za jamii hiyohiyo. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Muheza mkoani Tanga na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kunguni wa nyumba zilizotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wamejenga usugu dhidi ya pairethroidi, yaani walinusurika na kipimo kilichopaswa kuwaua. Hapo mwanzo vyandarua viliwapunguza, kisha waliobaki wakawa wale wasiodhurika. Katika nchi ambako vyandarua vyenye dawa vimetumika kwa miaka mingi ni busara kutarajia hali kama hiyo kwingine pia, na hilo linaeleza kwa nini mtu hupuliza kopo zima la dawa jioni na kuumwa usiku uleule.

Umbo la nyumba zenyewe linaongeza ugumu. Nyumba nyingi za kupanga katika mitaa ya Bariadi ni vyumba vilivyopangwa kwa msururu kuzunguka uwanja wa ndani, vikitumia choo, bomba na mahali pa kupikia kwa pamoja, na mara nyingi ukuta unaogawa chumba na chumba huishia chini ya kenchi bila kufika kwenye bati, kiasi kwamba juu ya dari, au juu ya vichwa vya watu pale ambapo dari haijawekwa, nafasi ya nyumba nzima ni moja. Kikipulizwa chumba kimoja, kunguni wanaofukuzwa na harufu hupita kwenye tundu la waya wa umeme na kuhamia kwa jirani, kisha hurudi dawa inapoisha nguvu. Kuna pia suala la udongo. Sehemu kubwa za Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao hujaa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupata nyufa za mshazari ambazo hurudi kila zinapozibwa. Nyufa hizo ndizo maficho ya kunguni, na hakuna mpangaji anayeweza kulaumiwa kwa mwendo wa udongo. Mtu pekee mwenye uwezo wa kupuliza vyumba vyote sita siku moja, kuziba nyufa kwa lipu na kurudia baada ya wiki mbili ni mwenye nyumba, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya kazi hiyo inapaswa kuwa yake hata pale ambapo sehemu ya gharama ni ya mpangaji aliyeleta wadudu.

Hatari kubwa kuliko hasara ya fedha iko katika dawa zinazotumika pale mpangaji anapobanwa apulize haraka na kwa gharama ndogo. Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na kaya nyingi zina dawa ya pamba iliyobaki pamoja na bomba la mgongoni la kupulizia. Dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya shamba lililo wazi, ambako upepo na jua huipunguza nguvu, na baadhi yake ni za jamii inayoshambulia mfumo wa neva, kwa wadudu na kwa watu vilevile. Ikipulizwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, hunata ukutani, kwenye godoro na sakafuni mtoto anapotambaa, na mtu aliyeivuta huweza kutokwa na jasho na mate kupita kiasi, kubanwa na kifua, kutapika na kuishiwa nguvu. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kutolewa nje kwenye hewa safi mara moja, kuvuliwa nguo zilizolowa, kuoshwa ngozi kwa maji na sabuni, na kufikishwa hospitali pamoja na kopo au lebo ya dawa yenyewe, kwa sababu daktari anahitaji kujua ni sumu gani anayopambana nayo.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka ni hatari zaidi. Vidonge hivi vya aluminiamu fosfaidi, ambavyo wafanyabiashara huviweka katika maghala ya mahindi na dengu, vikikutana na unyevunyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini inayoua wadudu, panya na binadamu bila kuchagua, na gesi hiyo haina dawa maalumu ya kuitangua mwilini. Katika nchi za Ghuba, zikiwamo Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, wamekufa watu, wengi wao watoto, ambao hawakuwa na habari kwamba jirani ameweka vidonge chumbani mwake kuua kunguni na kufunga mlango. Gesi ilipenya kwenye matundu ya mabomba na viyoyozi hadi walipolala. Msururu wa vyumba usio na ukuta kamili chini ya bati unapitisha gesi kwa urahisi kuliko ghorofa za huko. Kidonge cha ghala hakipaswi kuwekwa katika nyumba ya kuishi kwa sababu yoyote ile, na mwenye nyumba anayesikia kwamba mpangaji anayehama amefanya hivyo ana wajibu wa kuwatoa watu wote nje kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Dawa zinazoruhusiwa kutumika Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi ambazo zamani zilifanywa na taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa huko huko. Kiuatilifu ni kemikali au kitu kingine chochote kinachotumika kuua au kufukuza visumbufu. Lebo ya dawa iliyosajiliwa hutaja mahali inapotumika, na dawa isiyotaja nyumba haikupimwa kwa ajili ya nyumba. Wanaofanya kazi ya kupuliza kwa malipo wanatakiwa kuwa na kibali, na mwenye nyumba au mpangaji anayewaajiri ana haki ya kukiona kibali hicho na kupewa stakabadhi inayotaja jina la dawa, vyumba vilivyopulizwa na tarehe ya kurudia. Si kila kazi inahitaji kemikali. Kunguni na mayai yake hawavumilii joto: maji yanayochemka yakimwagiwa maungio ya kitanda kilichotolewa nje, na nguo na mashuka yakichemshwa au kupigwa pasi ya moto, huua papo hapo bila kuacha sumu, mradi kazi ifanywe kwa kitanda kizima na isiishie pale wanapoonekana.

Wadudu wengine wanahitaji maelezo machache tu. Mchwa hutoka ardhini na kula milango, fremu na kenchi, hivyo ni suala la jengo na la mwenye nyumba, isipokuwa pale mpangaji alipoona njia zao za udongo ukutani akanyamaza hadi fremu ikaanguka. Mende hufuata mabaki ya chakula na unyevu, na mpangaji anayeacha jiko lenye mafuta yaliyoganda na takataka nyuma ya mlango amevunja wajibu wa kawaida wa usafi. Panya huingia ndani mavuno yanapoingia ndani, na pale ambapo mpangaji ameweka magunia ya mpunga, choroko au mahindi chumbani, si haki kumtupia mwenye nyumba mzigo wote, wala si haki kumtupia mpangaji ikiwa matundu ya ukingo wa bati yako wazi tangu nyumba ilipojengwa. Anayestahili kutajwa zaidi ni papasi, kupe laini anayekaa kwenye sakafu ya udongo na nyufa za kuta za nyumba za zamani, kwa kuwa yeye, tofauti na kunguni, hueneza ugonjwa, nao ni homa ya papasi, ambayo hushuka na kurudi na ambayo ni hatari hasa kwa wajawazito na watoto wachanga. Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch aliichunguza homa hiyo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 na kuwakuta papasi katika vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara. Papasi huishi miaka bila chakula, kwa hiyo anayepanga nyumba ya udongo iliyokaa tupu muda mrefu huwapokea waliosalia tangu mkaaji wa zamani, na hapo hakuna hoja ya kumdai anayehama chochote.

Nchi nyingine zimeamua kuandika waziwazi kile ambacho Tanzania imekiacha kwenye maneno ya jumla. Ufaransa, kwa sheria ya nyumba ya mwaka 2018, inamtaka mwenye nyumba akabidhi makazi yasiyo na wadudu wala wanyama waharibifu. Jimbo la New York, tangu mwaka 2010, linawataka wenye nyumba wa Jiji la New York wamweleze mpangaji mpya kama nyumba ilikuwa na kunguni katika mwaka uliotangulia. Katika baadhi ya majimbo ya Australia mpangaji aliyefuga mbwa au paka anaweza kutakiwa na mkataba wake kugharamia dawa ya viroboto anapohama, sharti linalofungamana na mnyama ambaye yeye ndiye alimleta, na si ada inayotozwa kila mtu. Mpangilio wa aina hiyo, wa kumbebesha mzigo yule aliyeuleta, unafaa kuigwa hapa bila kungoja Bunge, kwa kuwa sheria ya mikataba inawaruhusu wahusika kuandika makubaliano yao.

Kinachohitajika ni karatasi moja yenye nakala mbili, iliyoandikwa siku ya kuhamia. Ndani yake mwenye nyumba na mpangaji, wakikagua pamoja chumba kikiwa kitupu na tochi mkononi, huandika walichokiona: nyufa ziko wapi, kuna madoa ya kunguni au hakuna, dari ina matundu au haina, dawa ilipulizwa lini na nani. Picha za simu zenye tarehe zikipigwa papo hapo ni ushahidi mzuri wa nyongeza. Kisha huandika kwamba mpangaji akiona wadudu atatoa taarifa ndani ya siku saba, kwa ujumbe wa simu ili kumbukumbu ibaki, na kwamba taarifa iliyotolewa mapema haitahesabiwa kuwa kukiri kosa. Sharti hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linaloondoa hofu ya kusema. Mwishowe huandika nani atalipa: ikiwa karatasi ya kuingia inaonyesha chumba kilikuwa safi na vyumba vya jirani ni safi, mpangaji atalipia upulizaji wa chumba chake mara mbili kwa bei ya mwenye kibali, na kazi yenyewe itasimamiwa na mwenye nyumba, vinginevyo gharama ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akitaka kila anayehama alipie dawa bila kujali hali, na aseme hivyo kabla ya kupokea kodi, akitaja kiasi, ili mpangaji achague kukubali au kutafuta kwingine.

Wasipoelewana, mahali pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana mamlaka ya kuhukumu lakini anawafahamu wote wawili na mara nyingi alikuwa shahidi wa mkataba. Afisa afya wa kata, ambaye watu humwita bwana afya, anaweza kuitwa kukagua, kwani Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kuingia katika makazi na kumtaka mmiliki au mkaaji aondoe kero inayohatarisha afya, na taarifa yake ya maandishi ina uzito kuliko maneno ya upande wowote. Shauri likiendelea, Baraza la Kata ndilo linalofuata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake imebaki kusuluhisha tu na halitoi tena hukumu; usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo huamua kwa ushahidi. Huko mwenye nyumba anayedai fedha za dawa atatakiwa kuthibitisha kwamba alikabidhi chumba kisicho na wadudu, na asipokuwa na karatasi ya siku ya kuingia, wala ujumbe, wala shahidi aliyekiona chumba kikiwa kitupu, atakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha kwamba kunguni wale waliingia na mpangaji aliyehama jana, na si na yule aliyehama mwaka juzi.